Mwonjaji wa Kanazi

Kuanzia siku moja kabla ya kuonja hakugusa kitunguu wala pilipili. Asubuhi alisukutua kinywa kwa maji ya vuguvugu mara tatu, akatema kwenye migomba, akafunga kigoda chake nyuma ya baiskeli na kwenda kwenye nyumba iliyomwita. Hakukalia kiti cha mtu. Alitua kigoda, akakaa, akanyamaza, na ukimsemesha wakati huo alikutazama kama umeangusha sufuria katikati ya misa. Kisha alipokea kibuyu kwa mikono miwili, akavuta funda moja dogo, akafumba macho, na wenye nyumba wote, waliokuwa wamekanyaga ndizi tangu juzi, wakasimama wakilitazama koo lake.

Hukumu zake zilikuwa tatu. "Bado inabishana," yaani rubisi haijaiva, ifunikwe tena majani. "Imekubali," yaani watu waitwe. "Imekasirika," yaani imeharibika, imwagwe. Rubisi ni pombe yetu ya ndizi, na kila nyumba ya Kanazi yenye migomba inajua kuipika. Lakini kuipika ni jambo moja na kuijua siku yake ni jingine. Kwa posa, kwa harusi, kwa kumaliza msiba, hakuna aliyethubutu kuita watu kabla mzee huyu hajafumba macho. Tulimwita Mwonjaji. Jina lake la ubatizo wengi wa rika langu tulilisoma kwa mara ya kwanza kwenye msalaba wa kaburi lake.

Namwandika kwa sababu nilimkosea. Tena namwandika kwa sababu waliosoma risala ya msiba wake walimfanya mzee mwema kama wazee wote wa kwenye risala, na hakuwa kama wote, na kuna siku hakuwa mwema.

Hakuna aliyewahi kumwona amelewa. Alionja katika nyumba zisizohesabika, akarudi kwake kwa baiskeli bila kuyumba, akala ndizi na maharage, akalala. Bia ya chupa aliiita maji ya kiwandani. Misa alihudhuria kila siku, mvua inyeshe isinyeshe, lakini alikataa kuimba, na padri mmoja alipomhubiria waziwazi kwamba anayeimba anasali mara mbili, alimngoja nje ya kanisa na kumwambia kwamba yeye husali mara moja tu, na kwamba hiyo moja inamtosha. Suruali yake ilikuwa na viraka juu ya viraka, na mkungu wa ndizi alimpa yeyote aliyeupita na kuusifia. Ziwa alilitazama maisha yake yote na hakuwahi kupanda chombo chochote kinachoelea. Kulikuwa na nyumba fulani ambayo mume alimpiga mkewe, na kila walipomwita kuonja alijibu kutoka barabarani, bila kushuka kwenye baiskeli, "Ya hapo nimeshaionja." Mke alilia kwa aibu, mume alitukana, yeye akaendelea na safari yake. Wengine walisema ana kiburi. Mimi nadhani alikuwa nacho, na kilimfaa.

Siku moja alinichukua twende Muleba. Nilikuwa msichana mkubwa, nimemaliza shule, na yeye alikuwa ameitwa na ukoo mmoja uliokuwa unapeleka posa. Alihitaji mtu wa kumshikia kigoda kwenye gari, na mimi nilihitaji kuiona Muleba. Tulikuta magari mawili yamewashwa, akina mama wamevaa, mapipa yamefungwa kwa majani ya migomba, kijana mwenyewe yuko ndani ya koti linalombana. Mwonjaji akaonja. Akafumba macho. Nikaona uso wake umejikunja kidogo, na nikajua kabla hajasema.

"Imekasirika."

Baba wa kijana akacheka kwanza, akidhani ni mzaha. Alipoona si mzaha akamvuta pembeni, na kwa kuwa nilikuwa nimebeba kigoda, nikavutwa pamoja naye.

"Mzee, waitu, tafadhali tusaidie. Wenzetu wameshakaa wanatusubiri. Sema tu imekubali. Watakunywa, watakenua meno, yataisha."

"Wataionja."

"Wataionja, watasema Mwonjaji wa Kanazi amesema imekubali, watafikiri ni ndimi zao zina kasoro."

"Ndiyo maana siwezi," akasema Mwonjaji. "Nikidanganya mara moja, huu ulimi mdomoni ni nyama tu."

Posa ikaahirishwa. Mama wa kijana alikaa chini na gauni lake jipya akalia. Mimi nilimchukia mzee kwa saa nzima, mpaka nilipoona anakunja suruali, ananawa miguu na kuingia kwenye mtumbwi wa kukanyagia ndizi. Alibaki pale siku zote zilizohitajika, akakanyaga nao, akakaanga nao mtama, akalala sebuleni kwao, na posa ilipokwenda, ilikwenda na rubisi ambayo watu wa Muleba bado wanaitaja. Maneno yale ya nyama niliyasikia kwa masikio yangu. Sina pa kujificha nikisema sikujua yeye ni mtu wa namna gani.

Sasa lazima nieleze desturi moja, maana bila hiyo mengine hayaeleweki. Kwetu anayekupa pombe huionja kwanza mbele yako. Anavuta funda, anameza, wewe unaona, ndipo anakukabidhi kibuyu. Ni namna ya kusema kwamba hakuna sumu humu, na kama ipo tutakufa sote. Mjini, kwa bia za chupa, mambo haya yamekwisha. Unafunguliwa chupa mbele yako, basi. Lakini nyumbani, kwenye rubisi, mtoto wa miaka sita anajua. Kumpa mtu kibuyu bila kuonja ni kumwambia kwamba akidhurika si shauri lako. Hakuna tusi la mdomo linalofika hapo.

Mwonjaji alikuwa na mtoto mmoja, binti, tuliyesoma naye darasa moja na kukaa dawati moja. Mama yake alifariki mapema. Ulimi wa baba ulikuwa umehamia kwake. Tukiwa wadogo alikuwa anaweza kufumba macho na kukuambia chai ya shule imepikwa kwenye sufuria iliyopikiwa nini jana. Baba yake alianza kumchukua kwenye nyumba za watu, watu wakanung'unika kwamba kazi ile haikuwa ya msichana, yeye akawajibu kwamba ulimi hauvai sketi. Ilifika mahali akawa anaonja yeye kwanza, halafu anampa binti aonje, na binti asipoitikia kwa kichwa, hasemi. Mwonjaji alimtangaza kila mahali kwamba huyo ndiye atakayebaki. Alikuwa na furaha ambayo sijaiona tena kwa mtu mzima.

Kisha binti akaitwa na Mungu. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo yeye alivyosema, na sikuwahi kuwa na sababu ya kumwona mwongo. Alitaka utawa. Mwonjaji, mtu wa misa ya kila siku, angesemaje hapana? Hakusema. Alichinja mbuzi, akapika rubisi, akamwalika padri na majirani, akavaa shati jeupe. Siku ya kuaga alijaza kibuyu na kuzunguka nacho mwenyewe. Akaonja, akampa padri. Akaonja, akampa katekista. Akaonja, akanipa mimi, niliyekuwa nimekaa bega kwa bega na rafiki yangu. Akajaza tena, akamnyooshea binti yake, hakuonja.

Waliokuwa mbali hawakuona. Sisi wa karibu tuliona, na padri, aliyekuwa mgeni wa mkoa huu, aliona lakini hakujua anaona nini. Binti aliutazama mkono wa baba yake. Akapokea kibuyu kwa mikono miwili, akanywa yote, taratibu, mpaka akakiinamisha kuonyesha halikubaki tone. Akasema, "Imekubali, Tata." Akaondoka mchana ule ule, na baada ya miaka michache shirika lake likampeleka Italia, kwenye mji wa bandari unaoitwa Genova, kutunza wazee. Hakurudi tena, hata kwa likizo.

Mwonjaji hakuwahi kulizungumza jambo lile. Aliendelea kuonja. Lakini tangu siku ile, akimpa mtu kibuyu, alionja mara mbili. Funda moja, kisha jingine. Wageni walidhani ni mbwembwe za kazi yake.

Mimi nilihamia mjini Bukoba, nikapanga chumba Kashai na kufungua steshenari ndogo: kutoa kopi, kuchapa barua, kupiga picha za pasipoti. Macho ya Mwonjaji yakaanza kufanya ukungu. Kusoma alijifunza Kashozi kwa wamisionari na alijivunia, lakini mtoto wa jicho hajui hayo. Barua za binti zilikuja mbili kwa mwaka, Krismasi na Pasaka, hata baada ya dunia nzima kuhamia kwenye simu, na yeye alizileta kwangu zikiwa kwenye mfuko wa shati, karibu na rozari. Alikaa kwenye kigoda chake mbele ya mashine ya kopi, wateja wakimpita juu.

Nilimsomea. Zilikuwa barua fupi, za mwandiko mzuri, kavu kama mkate wa ekaristi. Wapendwa nyumbani. Mimi ni mzima. Mvua imenyesha. Tumezika wazee wawili. Mwombeeni mama mkuu wetu, anaumwa mgongo. Nawasalimu wote.

"Kuhusu mimi amesema nini?" aliuliza kila mara.

"Amesalimu wote, Tata."

"Ee. Wote."

Nilimwandikia rafiki yangu kwa siri. Nikamwambia, mtaje baba yako, hata kwa neno moja, anazeeka. Akanijibu kwamba anatuombea sote. Nikakasirika. Ningalijua kwamba hasira yangu ndiyo itakayoniponza ningalifunga duka nikaenda kutembea ziwani.

Pasaka iliyofuata alikuja amelowa mvua, amekonda, akakaa, nikasoma. Nilipofika mwisho, kabla hajauliza swali lake, mdomo wangu ukaendelea wenyewe. Nikasoma, kutoka kwenye karatasi isiyokuwa na kitu: "Na mwambieni Tata kwamba huku bandarini kuna pombe moja, nilionjeshwa siku ya sikukuu, ikanikumbusha ya kwake."

Hakusogea. Mashine ya kopi ilikuwa inatoa vyeti vya mtu, akangoja mpaka ikamaliza.

"Rudia."

Nikarudia. Akaniambia nirudie tena. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa punje za kahawa ya kutafuna alizokuwa amezifunga kwenye jani, akaniwekea mkononi zote. Alitoka dukani amesahau kigoda. Sikuongeza tena neno katika barua yoyote, naapa, lakini kila barua iliyokuja baada ya pale aliniuliza, "Ile pombe haijasemwa?" nami nikajibu bado.

Halafu ikaja barua ya Kiingereza, mwandiko wa mtu mwingine. Hiyo nilimsomea kama ilivyo. Rafiki yangu alikuwa ameugua muda mfupi na kufa, amezikwa kule kwenye eneo la masista, na shirika lilikuwa tayari kumleta baba yake aone kaburi, pamoja na mtu mmoja wa kumsaidia. Mtu huyo, bila shaka, nikawa mimi. Ndiye niliyejua Kiingereza. Ndiye niliyejua barua.

Ndege alipanda bila kusita, yeye ambaye hata mtumbwi wa ziwani hakuwahi kuupanda. Genova ni mji uliopanda mlima, ngazi baada ya ngazi, na vichochoro vyembamba kiasi kwamba jirani anaweza kumpa jirani chumvi kupitia dirishani. Masista walitupokea vizuri, wakatupa vyumba safi na supu. Alipoziona zile meli na bahari, kwa macho yake ya ukungu, alinusa hewa, akasema, "Ni kama kwetu, ila wametia chumvi." Nikacheka. Ndiyo mara ya mwisho nilicheka katika safari ile.

Asubuhi ya kwanza mama mkuu alitaka kutupeleka kaburini. Mwonjaji akakataa.

"Mwambie siendi mikono mitupu," akaniambia. "Kwanza nitaitafuta ile pombe. Nitaionja, ndipo nimpelekee. Nitaionja mbele yake."

Nikamtafsiria mama mkuu kwamba mzee amechoka na safari. Mungu anisamehe, tafsiri zangu zote za mji ule zilikuwa hivyo. Tulikuwa na siku nne. Ningeweza kumwambia asubuhi ile, kwenye ngazi, na ngazi zilikuwa mia na kitu, kila moja ikinipa nafasi. Sikumwambia. Nilimshika mkono tukateremka bandarini.

Baa za kule ni ndogo, za mbao, na nyingine hukuletea ubao wenye vitobo na bilauri nne au tano ndogo ndani yake, kila moja na bia yake, uonje uchague. Ungedhani zilitengenezwa kwa ajili yake. Kila asubuhi alisukutua kinywa mara tatu bafuni kwa masista. Kwenye baa ya kwanza alikaa, akaweka mikono magotini, akangoja. Mhudumu naye akangoja. Mzee alikuwa anasubiri mwenye baa aonje kwanza.

"Mwambie."

"Tata, huku hawafanyi."

"Basi wewe."

Nikawa naonja mimi. Baa baada ya baa, bilauri baada ya bilauri, navuta funda, nameza, nampa. Nyeusi kama kahawa: "Imeungua." Ya dhahabu: "Maji ya kiwandani." Nyekundu yenye uchungu: "Hii walipika wakigombana." Siku ya pili tukaonja kumi na moja. Kichwa changu kilizunguka, chake hapana. Alipanda zile ngazi jioni akishika ukuta, mwembamba, koti la kuazimwa na masista likimpwaya, na nilipomwona kwa nyuma niliona kitu nilichokifanya kikitembea mbele yangu.

Siku ya tatu mchana, kwenye kichochoro nyuma ya soko la samaki, tuliingia baa ya mzee mmoja mwenye taulo begani. Nilikuwa nimeamua. Nilijiambia, tukitoka hapa namwambia. Mwenye baa alituletea bilauri nne, na Mwonjaji, kwa mazoea, akaweka mikono magotini akamtazama. Sijui yule mzee alielewa nini. Huenda wazee wa bandari wameona watu wa kila namna. Akachukua bilauri ya kwanza, akavuta funda, akainamisha kichwa kwa adabu, akampa.

Ya kwanza hapana. Ya pili hapana. Ya tatu ilikuwa na ukungu, rangi ya maji ya kuoshea mchele. Mwonjaji hakuifikisha mdomoni. Aliisimamisha chini ya pua.

"Ndizi," akasema.

Nilidhani akili imeanza kumwacha. Nikaichukua nikanusa. Ilikuwa na harufu ya ndizi. Ndizi iliyoiva, iliyofukizwa, ya mtumbwini. Nywele zilinisimama. Nikamuuliza mwenye baa kwa Kiingereza, naye akacheka, akasema hakuna ndizi humo, ni ngano na hamira tu, bia za namna hiyo hunukia hivyo zenyewe.

"Mwambie mimi ndizi nazijua," alisema Mwonjaji. Akanywa. Akafumba macho. Machozi yakatoka chini ya kope, yakafuata mikunjo ya uso mpaka kidevuni, na hakuyafuta. "Si kama yangu. Lakini mtu aliye mbali angeikumbuka. Ndiyo hii. Mwana wange, ndiyo hii."

Nilijiambia Mungu amenisamehe. Nilijiambia pengine rafiki yangu aliionja kweli, siku ya sikukuu, na hakuandika tu. Nilijiambia mengi. Tukainunua kwenye chupa, na kesho yake asubuhi tukaenda kaburini, mama mkuu na masista wawili nyuma yetu. Mwonjaji aliomba glasi. Akamimina, akainua mpaka usawa wa macho ili aliyelala pale aone. Akavuta funda, akameza. Akavuta la pili. Kisha akainama akamwaga iliyobaki juu ya udongo, taratibu, mpaka akaiinamisha glasi kuonyesha halikubaki tone.

"Nimeonja," alimwambia.

Masista walidhani ni ibada ya kwetu, wakafanya ishara ya msalaba. Hawakukosea sana.

Aliporudi Kanazi alikuwa mtu mwingine. Alianza kuimba kanisani, vibaya, kwa sauti kubwa. Aliwasimulia watu wote habari ya barua na ya pombe ya Genova, harusini, kwenye foleni ya kuuza kahawa, hadi wakawa wanamaliza sentensi zake. "Aliniandikia," alisema. "Mkono wake mwenyewe." Kila niliposikia nilitamani ardhi inimeze. Lakini nilimwona amenenepa, analala, na nikasema moyoni, iache. Nani ameumia?

Kisha madaktari wa macho walikuja hospitalini kufanya upasuaji, na waliotaka walitakiwa kuandikisha majina mapema. Nilimwandikisha mimi mwenyewe. Nilipanga mstari asubuhi nzima. Nilimpeleka, nikamngoja, nikamrudisha na macho yamefunikwa, na nikafurahi kwamba angalau kwa hili nimemtendea mema. Yule mwanamke aliyesimama kwenye mstari ule, mjanja wa steshenari, msomi wa barua za watu, hakukumbuka kwamba mtu anayeona husoma. Nilikumbuka wiki mbili baadaye, nikiwa nachapa barua ya mtu asiyenihusu, na vidole vikagoma juu ya kibodi.

Jumapili nikaenda Kanazi. Alikuwa nje, kwenye kigoda, na lile kopo la biskuti alimohifadhia barua lilikuwa magotini, wazi. Macho yake yalikuwa meusi, safi. Alinitazama kuanzia kichwani.

"Umezeeka," akasema. "Sikujua."

"Ndiyo, Tata."

"Nimezisoma zote. Mara mbili. Nikafikiri kuna ukurasa umepotea."

Kuku walikuwa wanachakura chini ya mibuni. Ningeweza kusema umepotea. Lilikuwa neno moja tu, na lingemrudishia maisha yake yote.

"Haujapotea, Tata," nikasema. "Haukuwapo. Ni mimi."

Akafunika kopo. Akainuka, akaingia ndani, akakaa huko muda. Alitoka na kibuyu kimejaa, akitembea polepole asimwage. Akasimama mbele yangu akaninyooshea. Nilingoja. Midomo yake ilikuwa imefungwa, mkono wake umenyooka, na macho yale niliyompatia yananitazama. Hakuonja.

Nikapokea kwa mikono miwili. Nikanywa yote. Ilikuwa rubisi nzuri kuliko zote alizowahi kupika, na ilinishuka kama mawe. Nikakiinamisha kibuyu.

"Imekubali, Tata."

"Na yeye alimaliza yote," alisema, akakaa.

Nilipoaga aliniuliza kama nitakuja Jumapili. Nilikuja. Alinipa tena bila kuonja, nikanywa, na Jumapili iliyofuata vivyo hivyo. Tulizungumza habari za bei ya kahawa na mnyauko wa migomba, na hakuna aliyepandisha sauti. Kanisani aliacha kuimba. Mtu akimwita kuonja alisema ulimi umechoka, watafute mwingine, na hawakumpata.

Jumapili ya nne nilimkuta kitandani, anaumwa. Akanionyesha mtungi kwa kidevu. Nikajaza kibuyu mimi, nikakaa kwenye kigoda chake kwa kuwa hakukuwa na kingine. Nikavuta funda, nikameza, akiniona. Nikavuta la pili. Nikamnyooshea.

Alikitazama kile kibuyu, akanitazama mimi.

"Weka hapo," akasema.

Nikakiweka chini, karibu na kigoda, nikafunika na jani la mgomba, nikarudi Kashai. Jumatano nilipigiwa simu nikaenda msibani. Chumba kilikuwa kimejaa watu, wameshamvalisha lile shati jeupe. Kibuyu kilikuwa pale pale nilipokiacha, jani limewekwa pembeni, na kilikuwa kitupu. Waliomuuguza walikuwepo wote mle ndani. Sikumuuliza yeyote ni nani aliyekunywa.